Msemaji Namba Saba

Shangazi yangu alipoliona bango langu kwa mara ya kwanza hakuuliza linasema nini. Aliuliza yeye yuko wapi.

Ilikuwa Juni 2023, hapa Kalinzi, msimu wa kahawa umeshachanganya. Bango nilikuwa nimerudi nalo kutoka Kigali likiwa limeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kulibandika, nililitandaza juu ya kichanja kilichokuwa kitupu, nikazibana pembe zake kwa mawe manne. Lilikuwa na grafu mbili, jedwali moja na ramani ya mkoa wa Kigoma, maneno yote kwa Kiingereza. Nikaweka kidole kwenye mstari wa saba wa jedwali, palipoandikwa S07.

"Huyu ni wewe, shangazi."

Alifuta mikono kwenye kanga, akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Naitwa hivyo tangu lini?"

Wenzake waliokuwa wakichambua walinyamaza kusubiri jibu. Jibu nilikuwa nalo: maadili ya utafiti yanataka jina la mshiriki lifichwe, asije akadhurika kwa alilolisema. Nilianza kulieleza, nikaishia katikati. Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo, na kila ninapolifikiria inanibidi nianzie Kigali.

Mkutano uliofanyika Kigali kuanzia tarehe 1 hadi 5 Mei 2023 watafiti wa kompyuta huuita ICLR. Ni kati ya mikutano michache inayotazamwa na dunia nzima katika fani ya kuifundisha mashine kutokana na data. Ule ulikuwa wa 11, na ndio wa kwanza wa ngazi hiyo kufanyika Afrika. Ule wa mwaka 2020 ulipangwa kufanyika Addis Ababa, Uviko-19 ikausukuma mtandaoni. Kwetu tunaosoma uzamivu huku Afrika Mashariki, mkutano huu kuja Kigali lilikuwa jambo zito. Mwaka 2018, mkutano mwingine wa fani hiyo, NeurIPS, ulipofanyika Montreal, na mwaka 2019 ulipofanyika Vancouver, watafiti wengi wa Kiafrika walioalikwa kwenye warsha ya Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Kazi zao zilipokelewa, wenyewe wakabaki nyumbani. Mimi nilipanda basi Kigoma mjini, nikapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, nikavuka mto Kagera pale Rusumo nikiwa na pasipoti mfukoni na bomba langu begani, pasipo kuomba ruhusa kwenye ubalozi wowote. Afisa wa mpakani aliuliza bomba lina nini. Nikamwambia ni kazi ya shule. Akagonga muhuri.

Ng'ambo ya daraja nilikuta watu wanaongea lugha ambayo sikuwahi kufundishwa na bado naielewa. Kiha chetu na Kinyarwanda ni ndugu, pamoja na Kirundi kilicho katikati yao. Sisi jioni tunasalimiana "mwidiwe". Wao husema "mwiriwe". Hiyo d na hiyo r ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Wanyarwanda wamejitolea kurekodi sauti zao kwenye mradi wa Common Voice hadi zikapita saa 2,000, kiasi ambacho lugha nyingi kubwa za dunia hazina. Kiha nilikikusanya mwenyewe: saa 9, wanawake 14 wa Kalinzi, simu moja na kinasa sauti kimoja, kwenye vichanja hivihivi. Nilichukua mashine iliyojifunza kusikia Kinyarwanda, nikaisikilizisha saa 9 za kina shangazi, nikapima inaandika kwa usahihi kiasi gani. Inaandika vizuri kiasi. Ila kila mara inapochoka, inarudi kwa jirani: mtu anasema mwidiwe, yenyewe inaandika mwiriwe.

Ndani ya Kigali Convention Centre, lile jengo la kuba linalowaka taa usiku, kila mtu alining'iniza kitambulisho shingoni. Nilijifunza upesi jinsi macho yanavyokwenda: kwanza kwenye kitambulisho, jina la chuo au la kampuni, ndipo usoni. Kwetu salamu hukawia. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, za shamba, na mpaka mumalize kila mmoja ameshajua mwenzake ameamka na mzigo gani. Sisemi watu wa pale hawakuwa na utu. Walikuwa na mabango mia kadhaa ya kuyapitia na saa mbili za kuyapitia. Lakini mtu anayekusoma kabla hajakutazama hukuachia baridi fulani, na ninaiandika kwa sababu baadaye niligundua nami ninayo.

Bango langu lilikuwa kwenye warsha ya lugha za Kiafrika, siku ya mwisho. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wema wao ulikuwa wa kweli. Waliuliza maswali matatu, yaleyale kwa lafudhi tofauti: una saa ngapi za sauti, kiwango cha makosa ni asilimia ngapi, data imewekwa wazi ili wengine waitumie? Ni maswali halali. Nisingeheshimu kazi isiyoweza kuyajibu. Niliyajibu hadi sauti ikanikauka.

Kisha akaja dada aliyekuwa anakusanya vikombe vya chai. Kompyuta yangu ilikuwa inacheza kipande cha sauti ya shangazi, spika ikiwa chini. Alisimama na sinia lake, akasikiliza, akaanza kutabasamu. "Huyu mama anamgombeza nani?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Alikuwa amepatia. Katika kipande kile shangazi anamgombeza jirani aliyechanganya kahawa mbichi na mbivu. Kabla yake, katika wote waliosikiliza siku ile, hakuna aliyejua kwamba kuna mtu anagombezwa. Dada akasogea kwenye kioo, akasoma maandishi yaliyotolewa na mashine, akaweka kidole: "Hapa hakusema hivi." Akaonyesha na pengine, na pengine tena. Makosa matatu katika sentensi moja, ameyaona bila jedwali. Msimamizi wake akamwita, akaondoka na vikombe.

Sikumwuliza jina. Nilipata wasaa wa kumwuliza na sikuuliza. Hakuwa na kitambulisho chenye chuo, na macho yangu, ndani ya siku tano tu, yalikuwa yameshazoea.

Wiki hiyohiyo, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Milima iliporomoka juu ya nyumba, mito ikajaa, watu zaidi ya 130 wakafa, wengi katika wilaya za kando ya ziwa Kivu: Rutsiro, Karongi, Rubavu. Asubuhi wahudumu walikuwa wakionyeshana picha kwenye simu kimyakimya huku sisi tunaingia kumbini. Mtu aliyekulia Kalinzi anaujua mlima. Analima juu yake, analala chini yake. Nilikaa kwenye kikao cha asubuhi bila kusikia neno, nikiwaza katika wafu wale ni wangapi waliokuwa wametoa sauti zao katika zile saa 2,000 nilizozitumia. Hakuna njia ya kujua. Kwenye mafaili yale kila mmoja ni mfululizo wa herufi na tarakimu.

Wapo waliowahi kuhangaika na suala hili la majina: kundi la watafiti wa Kiafrika liitwalo Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja. Mwaka 2020 walichapisha makala kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha zetu, na waandishi wake ni zaidi ya 40, wakiwemo watu ambao kazi yao ilikuwa kutafsiri na kukagua, si kuandika programu. Mwandishi wa kwanza si mtu. Ni alama ya kihisabati, ile A iliyopinduliwa kichwa chini, ambayo husomwa "kwa wote". Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Sasa naiona kama jibu ambalo watu walilihangaikia: ukishindwa kupanga nani alitangulia, pale mbele unaweka nini?

Swali la jina na namba lina historia karibu na kwetu pia. Hifadhi ya sokwe ya Gombe iko upande wetu wa ziwani, nyuma ya milima, na mtoto wa huku hukua akiisikia hadithi yake. Mtafiti Jane Goodall alifika huko Julai 1960. Sokwe aliowafuatilia aliwapa majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Alipokwenda kusomea uzamivu Cambridge aliambiwa alipaswa kutumia namba, kwamba jina linamfanya mtafiti amhesabu mnyama kuwa na nafsi. Alishikilia majina yake, na dunia ikaja kumpa haki. Hadithi hii tulifundishwa tukiipenda. Ambacho hatukufundishwa sana ni kilichofuata Mei 1975, pale watu wenye silaha walipovuka ziwa kutoka Zaire na kuwateka wanafunzi wanne wa utafiti. Baada ya hapo, walioingia msituni kuwafuata sokwe siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ni Watanzania wa mwambao huu, kina Hilali Matama na Eslom Mpongo. Waliandika walichokiona kwa Kiswahili. Kumbukumbu zao zimekuwa moja ya hazina ndefu kuliko zote za uchunguzi wa wanyama wa porini, na zimelishwa kwenye kompyuta za vyuo vya Marekani. Katika makala zilizotokana nazo utamkuta Fifi kwa jina ndani ya maelezo yenyewe. Walioandika, mara nyingi, utawakuta katika shukrani.

Goodall mwenyewe aligeuzwa na mkutano. Alikwenda Chicago mwaka 1986 kama mtafiti, akasikiliza jinsi misitu ya sokwe inavyokwisha Afrika nzima, akatoka ameamua kuacha maisha aliyoyapenda ya kukaa msituni. Mwaka 1994 mradi wa TACARE ukaanza katika vijiji vyetu, kwa vitalu vya miti na mambo mengine yaliyofuata. Kahawa ya Kalinzi ikapata mnunuzi Marekani, kampuni ya Green Mountain, ikauzwa huko kwa jina la Gombe. Bei ilikuwa nzuri, na wazee bado wanaukumbuka wakati ule kwa furaha. Jambo hili ninalitaja kwa sababu shangazi alilitaja, siku ile ya bango.

"Kahawa yetu nayo ilikwenda ikaitwa jina jingine," alisema. "Tulikubali kwa kuwa tuliambiwa."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo. Nilikuwa nimewasomea fomu ya ridhaa mwaka uliotangulia, kwa Kiha, neno kwa neno, nao wakaweka dole gumba. Fomu ilisema majina hayatatajwa. Ilisema hivyo kama ahadi, na mimi niliisoma kama ahadi. Hakuna aliyewauliza kama ndiyo ahadi wanayoitaka. Nalitetea bado lile sharti la kuficha. Kuna mwanamke anayeweza kupigwa kwa jambo alilolisema akichambua kahawa, na mtafiti anayelipuuza hilo afanye kazi nyingine. Lakini kumlinda mtu bila kumwuliza kunamweka mahali pa mtoto, na wale ni watu wazima waliolea wilaya nzima.

Basi niliomba kibali upya chuoni, nikapewa baada ya miezi, nikarudi na fomu mpya. Nilimwendea kila mmoja nyumbani kwake, peke yake, mbali na masikio ya wengine. Nilianza na salamu, na salamu ilichukua muda wake. Tisa walisema niandike. Wanne walisema nisiandike, kwa sababu walizonitajia na ambazo hazitatoka kwangu. Shangazi alikuwa kati ya wale tisa, naye alitaka jina lake lote, na la baba yake, na la mtaa. Akanitaka pia nimchezee tena kile kipande, aone kama mashine imeshajifunza kusema mwidiwe. Ilikuwa haijajifunza. Akalisema neno mara tatu taratibu mbele ya simu, kama mtu anayemfundisha mtoto wa mgeni.

Wa 14 alikuwa bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye kwenye rekodi zangu huongea kidogo na kuimba sana. Nilimsomea fomu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Haya maneno si yangu," alisema. "Mama yangu ndiye aliyenifundisha kusema. Andika yeye."

Nikamweleza kwamba ni lazima awe mtu aliyerekodiwa. Akanijibu kwamba aliyerekodiwa ni yeye, mwenye maneno ni mama yake, na kwamba nimeuliza jina naye ameshanijibu.

Fomu ina mistari minne: jina la mshiriki, umri, kijiji, sahihi au dole gumba. Niliandika jina la mama yake. Kwenye umri aliniambia niache wazi. Akabonyeza dole lake chini, akalifuta kwenye kanga, akachukua ungo wake, kwa kuwa jua lilikuwa limebaki kidogo na kahawa haijaisha.