Neno la baba na karatasi ya urithi

Kwetu Bogoro, mzee akisikia nguvu zinamwishia, anaita watoto na kuwaagiza. Ng'ombe hawa ni wa fulani, shamba lile ni la fulani. Halafu anaongeza mashauri: mama yenu asilale njaa, jirani yule musigombane naye. Maneno yanatoka kinywa kimoja lakini si ya namna moja, na kuyachanganya ndiko kunaleta ugomvi nyumbani.

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakubali usia wa kinywa, ile watu wanaita testama, mbele ya mashahidi 2 watu wazima, kifo kikikaribia. Mzee akipona na miezi 3 ikapita, inaanguka. Ile ya kuandika nyumbani lazima iandikwe yote kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe na sahihi. Watoto, wasichana sawa na wavulana, ndio warithi wa kwanza. Pale hakuna mchezo. Lakini "musigombane na jirani", tribinali itaipima na mizani gani?

Wengine wanasema: basi, mashauri si kitu. Sisi hatukubali. Wengine wanasema: neno la marehemu ni sheria, atakayelivunja atapata laana. Hapo pia hatukubali. Tuseme baba ameacha neno moja tu: "Shamba la juu musiuze." Mtoto wa kijana wake anagonjwa, hospitali ya Bunia inaomba feza. Afanye nini? Kama hajui sababu, amefungwa na mtu asiyeweza tena kuulizwa. Kumbe kama barua ingesema "juu ya kaburi la babu yenu liko pale", angeuza upande mmoja, akabakiza kaburi, naye angekuwa amemtii baba kweli.

Tarehe 24 Februari 2003, Bogoro iliposhambuliwa, wengi walikufa bila kuagiza neno. Mahakama ya La Haye, katika amri yake ya fidia ya mwaka 2017, ilipima hasara za nyumba, mavuno na mifugo, ikakubali waathiriwa 297. Neno la baba ambalo halikusemwa, nani angelipima? Basi huyu anasema "marehemu aliniachia shamba", na yule "marehemu angetaka tulipize". Wafu wanasemeshwa mambo ambayo labda hawakuyawaza hata kidogo.

Na kama baba mwenyewe ameandika "musioane na watu wale"? Mtoto aisome kwa heshima, aelewe machungu yaliyoiandika, kisha aoe anakopenda. Baba anaweza kumwachia machungu yake. Kumchagulia mke akiwa kaburini, hapana.

Ndiyo maana tunaomba wazazi waache karatasi mbili, bahasha mbili. Juu ya ile ya pili iandikwe wazi: "Hii si testama." Na kila shauri liwe na sababu yake. Isomwe mali ikiisha kugawanywa, ili mtu asiitumie kudai mbuzi.