Je, Barua Bila Fedha ni Aibu?



Mtu wa Alunguli ana ndugu yake aliyekimbia vita, naye yuko mbali. Husema moyoni, "Nitamwandikia siku nitakapopata fedha za kumtumia. Barua mikono mitupu ni aibu." Mwezi wapita, mwaka wapita. Je, anyamazapo hivi, afanya vema?

Tusikilize kwanza habari hii. Mwaka 1938 wakili mmoja Myahudi, Walter Zweig, alikimbia Ujerumani, maana serikali ya Hitler iliwanyang'anya Wayahudi kazi na haki zao. Alifika Kenya, akafanya kazi katika shamba la watu. Mwaka ule ule mkewe alimfuata pamoja na binti yao Stefanie, mtoto wa miaka 5. Jamaa zao wengine walibaki kule. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza walimweka Zweig kifungoni kwa muda, kwa kuwa alikuwa mtu wa Ujerumani. Posta nayo ikakatika kati ya nchi zilizopigana.

Kwa watu waliotengwa namna hiyo, Msalaba Mwekundu wa Geneva ulipeleka karatasi ndogo: maneno 25 tu, habari za jamaa tu. Safari yake ilichukua miezi. Maneno 25 hayanunui chakula, wala hayafungui gereza. Hata hivyo karatasi hizo ziliandikwa kwa mamilioni. Kwa sababu gani? Kwa sababu kila moja ilisema: "Ungali ndugu yangu."

Jamaa kadhaa wa Zweig waliuawa. Barua haikuweza kuwaokoa. Basi, kuandika kulikuwa bure? La, hasha! Watesi walitaka Wayahudi wasihesabiwe tena kuwa watu. Aliyemwita nduguye kwa jina lake aliukataa uongo huo. Mtakatifu Paulo naye aliandika akiwa katika minyororo, wala hakungoja kufunguliwa kwanza.

Labda utasema, "Nikiandika, ataniomba fedha." Mjibu kweli: "Sina." Umaskini si dhambi. Lakini ukinyamaza, aliye ugenini atadhani kwamba kwenu amekwisha kufa.

Ewe mkatekumeni, kabla ya Dominika ijayo mpelekee nduguye uliyemnyamazia maneno 25, kwa barua au kwa simu. Usiyejua kuandika, mwombe katekista au mtoto wa shule. Taja jina lake, mpe habari za nyumbani, umwulize hali yake. Hayo unayo tayari.