Soma kwa Sauti

Kama uko kwenye daladala, shika bomba vizuri tuzungumze.

Juzi kijana mmoja aliniletea hadithi yake. Ilianza hivi: "Katika ulimwengu huu wa leo uliojaa changamoto nyingi na za aina mbalimbali..." Nikamwambia aisome kwa sauti. Alipofika mstari wa tatu pumzi ikamwishia, akacheka mwenyewe. Sikuhitaji kalamu nyekundu.

Mbele kidogo hadithi ilitaja mvua kubwa. Nikamuuliza: hiyo mvua uliyoiita kubwa, ilifanya nini? Akafikiri. Akasema muuza vitumbua wa mtaani kwao alilifunika jiko lake kwa beseni, yeye mwenyewe akalowa chapachapa. Basi hapo ndipo hadithi inapoanzia! Aya mbili za mwanzo tukazifuta. Aliziombolezea kidogo, nami namwelewa. Zangu pia huwa nazionea huruma.

Halafu kuna suala la muda wa kuandika. Mwandishi Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa forodha chini ya serikali ya kikoloni, akiripoti kazini kama wewe unavyoripoti leo. Hata hivyo aliandika vitabu zaidi ya 20 kabla ya kufariki mwaka 1962.

Leo jioni, chukua daftari la mtoto lililobakiza kurasa. Andika ulichokiona kituoni asubuhi hii, sentensi kumi tu. Kisha msomee mtu wa nyumbani, uangalie ni wapi anaanza kupiga miayo.