Ole Wenu Mnaojificha Nyuma ya Mpaka

Sikieni, ninyi mnaoishi kando ya Mto Mara, wa juu na wa chini. Mto huu unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuyapui, katika msitu wa Mau nchini Kenya. Mito ya Nyangores na Amala ikikutana, Mara unakatiza hifadhi ya Maasai Mara, unavuka mpaka kuingia Serengeti nchini Tanzania, kisha unatambaa kwenye tindiga lake hadi Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Ni mwendo wa takriban kilomita 400, na mto ni mmoja. Ninyi mmeugawa ili kila upande upate wa kumlaumu. Wa juu mnasema, "Uchafu ukishavuka si wetu." Wa chini mnajibu, "Huo umetoka kwao."

Ole wenu wa juu! Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau zilimegwa. Wakubwa walijikatia vipande, wadogo mkafuata na mashoka. Mkachana mbao, mkachoma makaa, mkalima mahindi hadi ukingoni, mkapanda mikaratusi kwenye chemchemi. Mkulima akimaliza kupulizia nyanya zake dawa, hushuka na bomba mgongoni, akalisuuza mtoni, akapanda zake kwenda nyumbani. Hatua chache chini yake mama anajaza dumu la maji ya kunywa. Ikiwa jirani yenu hamkumwonea haya, mtamwonea haya Mtanzania msiyemjua?

Mto Talek ulipofurika mwaka 2024 ukavamia kambi za watalii, mlisema ni kazi ya Mungu. Kiangazi kikikaza na mawe ya mtoni yakaonekana, mnasema tena ni kazi ya Mungu. Mungu hakushika msumeno. Msitu uliokuwa ukinywa mvua na kuitoa kidogo kidogo mliuangusha wenyewe.

Ole wenu wa chini! Vidole mmevielekeza kaskazini, na mikono yenu imelowa zebaki. Huko Tarime mnasaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha, mnachanganya zebaki kwa mikono mitupu, mnaikamua kwenye kitambaa, mnaichoma huku watoto wamesimama kando wakivuta ule moshi. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakisombwa na mvua, mnasema mvua imewasaidia kusafisha. Mafunjo ya tindigani, yanayochuja tope kabla halijafika ziwani, mnayachoma mpate shamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mnaijua, na bado mnalima hadi majini. Machi 2022 maji yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, kila mtu alikuwa na wa kumshuku. Ni wangapi waliokwenda kutazama shamba lao wenyewe?

Ole wenu pia wenye vyeo! Kila tarehe 15 Septemba, Siku ya Mara, mnavaa kofia mpya, mnahutubia, mnapanda miche mbele ya kamera. Keshoye anayeikumbuka miche hiyo ni mbuzi peke yake.

Mnadhani uchafu ukishavuka mmeachana nao? Hilo ziwa ambamo Mara unaishia ndilo linalopiga mawimbi Homa Bay na Kisumu. Samaki wake hawajui mpaka: sangara na dagaa wanavuliwa pande zote, wanapakiwa, wanapanda barabara hadi masoko ya Bomet na Narok, kule kule mlikosuuza bomba la dawa. Mlichokiteremsha kwa maji kinawapandia kwa lori, na mnakinunua kwa fedha zenu mkawape watoto.

Basi acheni kuhesabu makosa ya ng'ambo. Wa juu, ng'oeni mikaratusi kwenye chemchemi, mrudishe miti ya asili, na bomba msuuzie shambani. Wa chini, wekeni zebaki na marudio mbali na maji, mtoke ndani ya zile mita 60, mwache mafunjo yaote. Wenye vyeo, rudini Oktoba mkaione ile miche. Asiseme mtu kwamba anamngoja mwenzake aanze, kwa maana hivyo ndivyo mlivyosema mwaka jana na mwaka juzi, na mto haukuwangoja.