Njia ya Ujiji Ilindwe Yote

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, baada ya kilomita kumi hivi unafika Mugere. Juu kidogo ya barabara lipo jabali kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika, na ubavuni mwake yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Wageni hupelekwa pale, wakapiga picha, wakarudi mjini. Wasafiri hao wawili walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuchunguza kaskazini mwa ziwa, wakalala hapo siku mbili. Waliopiga makasia, waliobeba mizigo, waliowapikia na waliowasemea kwa wenyeji hawana hata herufi moja kwenye jabali lile.

Naliwaza jiwe hilo kila ninapovuka kutoka kwetu Nyakabiga kuingia mtaa wa Buyenzi, humu humu Bujumbura. Mwendo ni mfupi, lakini masikio hutambua kuwa umefika kwingine: Kirundi kinapungua, Kiswahili kinashika nafasi, kuanzia kwa fundi aliyelala chini ya gari hadi kwa mama anayeuza maandazi, na kijana akikutana na mzee hawezi kupita bila kumwamkia. Kiswahili hiki hakikushuka na mvua. Kilikuja kwa miguu ya watu, kituo kwa kituo, kutoka pwani.

Njia yenyewe inajulikana. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, kisha ikateremka hadi Ujiji: kilomita zipatazo 1,200. Kirangozi wa msafara alitangulia mbele, nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliojivunia kazi hiyo, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani. Kwenda bara walibeba vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani, pembe za ndovu. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, ambako aliyeishiwa maji hakuwa na wa kumwomba. Baada ya nyika, machifu wa Ugogo walidai hongo ya kupita, na msafara ukakaa kambini mpaka walipwe. Na katika misafara hiyohiyo walitembezwa mateka, shingo zimefungwa, waliokuwa wakipelekwa kuuzwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni hatua ninayoiheshimu. Lakini orodha ya awali ni nia tu, haimzuii mtu kukata mwembe wala kubomoa tembe. Tena vituo sita ni vichache mno kwa njia ndefu namna hiyo. Mateka hakuteseka kituoni tu. Aliteseka katikati, pale ambapo leo hakuna kibao wala mlinzi.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhifadhi njia ya aibu. Nawaelewa, katika familia zetu kuna mambo yasiyotajwa mbele ya watoto, na asili ya mtu aliyeletwa kwa nguvu ni mojawapo. Hata hivyo, mwaka 1987 Marekani iliitambua kisheria njia ambayo Wacherokee waliswagwa, wakatolewa katika ardhi yao na kupelekwa magharibi mwaka 1838 na 1839, maelfu wakafa. Inaitwa Trail of Tears, na serikali iliyowafukuza ndiyo iliyolazimika kuilinda. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu ya sheria katika jambo kama hili: inamnyima mtu nafasi ya kusema hayakutokea.

Na njia haikuishia Ujiji. Mitumbwi iliendelea kaskazini hadi Rumonge, na Uvira upande wa Kongo. Rumaliza, tajiri wa Ujiji, alitaka kupanda kutoka pwani ya ziwa hadi milimani, akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, wakaja askari, wapagazi na wachuuzi waliokijua Kiswahili tayari. Kizazi cha watu hao ndicho kilichokuja kuipa Buyenzi sura yake. Orodha inayokomea Ujiji inatuacha sisi nje ya njia iliyotuzaa.

Kuivusha mipaka kunawezekana. Mwaka 2014 nchi sita za Amerika Kusini, kuanzia Colombia hadi Argentina, ziliandikishiwa Qhapaq Ñan, barabara ya kale ya Wainka, kama urithi mmoja wa dunia. Sisi tungehitaji tatu tu: Tanzania, Burundi na Kongo, na zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kazi ya kwanza haingoji mkutano wa mawaziri. Wazee wa Buyenzi na Rumonge wanaojua babu zao walitoka Manyema, Ujiji au Tabora warekodiwe sasa, kwa sauti zao, wakiwa bado nasi. Pale Mugere, kando ya jabali na bila kuligusa, liwekwe bamba kwa Kirundi na Kiswahili linalosema kwamba ule mtumbwi ulikuwa na wapiga makasia.