Hakuna Mtu Anayetembea Tu?

Mkimbizi anaulizwa maswali mengi. Umetoka wapi, mko wangapi nyumbani, nani mgonjwa, kadi yako iko wapi. Miaka yote hii sijasikia mtu akiulizwa: jioni, jua likipoa, unapenda kutembea wapi? Na ukiongeza maneno mawili tu, "na mbwa", watu wanacheka kabisa. Kumtembeza mbwa mahali pazuri, kwa wengi wetu, hiyo ni mambo ya wazungu. Mbwa anakaa uani, analinda, anakula kilichobaki. Na mtu naye anatembea akiwa na pa kwenda: sokoni, bombani, kanisani, ofisini kupanga foleni.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Mpumudde, Jinja, na naomba wasomaji wenzangu tulichukue swali hili kwa uzito. Je, mtu anahitaji sababu ili atembee mahali pazuri? Na kama mbwa hahitaji, kwa nini kijana ahitaji?

Kijana mmoja wa kikundi chetu, wa miaka 19, alisimamishwa jioni na mlinzi kwenye mtaa wenye nyumba kubwa upande wa mto. Aliulizwa anaenda wapi. Akajibu, "Natembea tu, afande." Mlinzi akamwambia, "Hakuna mtu anayetembea tu. Rudi ulikotoka." Akarudi. Baada ya miezi kadhaa kijana huyohuyo akapata kibarua cha kumtembeza mbwa wa mama mmoja wa mtaa uleule. Njia ni ileile, saa ni ileile, viatu ni vilevile. Sasa walinzi wanamsalimia. Wanamuuliza mbwa anaitwa nani. Yeye mwenyewe bado hakuna aliyemuuliza jina.

Niliposikia hivyo nilicheka kwanza, halafu sikulala vizuri. Kumbe mbwa amekuwa kitambulisho. Kijana mwenye kamba mkononi ana shughuli, kijana mwenye mikono mitupu ni mzururaji. Na tusifikiri ni mawazo ya mlinzi mmoja tu. Sheria ya jinai ya Uganda, iliyoandikwa wakati wa Waingereza, ilikuwa na kifungu cha 168 ambacho kiliruhusu mtu akamatwe kwa kuonekana hana njia ya kujipatia riziki na hawezi kujieleza vizuri, au kwa kukutwa akirandaranda barabarani kwa saa na namna inayotia mashaka. Maskini wengi walilala ndani kwa ajili ya maneno hayo. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba iliyafuta mafungu hayo mawili. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inasema mkimbizi anayetambuliwa ana uhuru wa kutembea Uganda, kwa mipaka inayokubalika kisheria. Wenzetu walioko Nyarugusu, Tanzania, hawatoki kambini bila kibali. Sisi tumepewa, kwenye karatasi, kitu kikubwa sana. Ila karatasi haina miguu. Haki ya kutembea isipotembewa inabaki imekunjwa kabatini pamoja na vyeti vya shule.

Basi tutembee. Ngoja nitaje sehemu, maana mtu akisema "sehemu nzuri" bila kuzitaja anakuwa anahubiri tu.

Ya kwanza iko chini ya miguu yetu. Mpumudde ni kilima, na majirani wanatuambia jina hilo maana yake ni "nimepumzika". Hapa ndipo alipofia Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Alipigana na Waingereza, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, mbali kabisa katikati ya bahari. Mwaka 1923 waliporuhusu arudi kwao alikuwa mzee. Alifika Jinja, akafa hapa kabla ya kuiona Bunyoro tena, na mwili wake ukapelekwa kuzikwa Mparo, karibu na Hoima. Mimi nikipanda kilima hiki jioni nawaza kwamba mtu wa kwanza maarufu wa Mpumudde alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao, kama sisi. Mbwa hajui hayo. Anavuta kamba, ananusa jani moja dakika nzima. Lakini kwa sababu yake unasimama, na ukisimama unaona.

Ya pili ni mtaa wa Main Street, hapa Jinja, asubuhi ya Jumapili kabla maduka hayajafunguliwa. Angalia juu ya milango: majina ya familia za Kihindi na miaka ya kujenga imeandikwa kwenye saruji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Walioujenga huu mji nao walifunga mizigo. Baadhi walirudi baadaye, wengi hawakurudi. Mkimbizi anayetembea pale polepole anajifunza kitu ambacho hakifundishwi kwenye semina: kwamba kuwa mwenyeji si kitu cha milele, na kuwa mgeni pia si cha milele.

Ya tatu ni ukingo wa Nile. Kwenye bustani za chanzo cha mto pana kiingilio, kwa hiyo wengi wetu tunatumia njia za vijiji upande wa Bujagali, kati ya mashamba ya mahindi na ndizi. Kule zamani palikuwa na maporomoko makubwa, yakafunikwa na maji ya bwawa la umeme lililomalizika 2012. Kabla yake, maporomoko ya Ripon yalizama baada ya bwawa la Owen Falls la 1954. Uzuri nao unahamishwa, yaani. Tembea ungali upo. Tahadhari moja: maji yale yana kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba, kwa hiyo mtoto na mbwa wote wabaki juu.

Ukifika Mbale, safari ya saa tatu hivi kwa gari, tazama mwamba wa Wanale uliosimama juu ya mji kama ukuta, na baada ya mvua unaona nyuzi nyeupe za maji zikishuka. Njia za chini, zinazopita kwenye mashamba ya kahawa na ndizi, zinatembeka vizuri na mbwa. Mbele zaidi, Kapchorwa, kuna maporomoko matatu ya Sipi, na refu kuliko yote ni kama mita 100. Pale utalipa vijana wa kijiji wakuongoze, na ni haki yao, maana njia zinapita kwenye mashamba ya wazazi wao. Lakini ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon, kama hifadhi nyingine za taifa, mbwa haingii. Anaweza kuwapelekea wanyama wa porini magonjwa, au kuyatoa huko na kuyaleta nyumbani. Hapo mbwa anabaki, na wewe unajifunza kwamba uhuru wa kutembea haumaanishi kila mahali ni pako.

Sasa nasikia mama mmoja wa kambini akisema: mwanangu, unaongea habari za mbwa wakati posho inapunguzwa? Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2025 WFP iliondoa karibu watu milioni moja kwenye msaada wa chakula hapa Uganda kwa sababu ya kukosa fedha. Na sisi tuliochagua mji tuliacha msaada wa kambi nyuma, tunajitegemea. Mbele ya sahani moja, mtoto anakula kwanza. Sitabishana na hilo, na anayebishana nalo hajawahi kulala njaa.

Lakini tuangalie vizuri. Sisemi mtu akanunue mbwa. Mbwa tayari wapo, Nakivale, Kyangwali, hapa Mpumudde. Usiku wanabweka mwizi akikaribia mbuzi. Tumekubali kazi yao, na aliyekubali kazi ya mwingine ana deni. Deni la chakula linalipwa kwa shida, sawa. Deni la kumfungua na kumtembeza halihitaji hata shilingi. Mbwa anayefungwa mchana kutwa anakuwa mkali, anang'ata hata mtoto wa nyumbani. Kumtembeza ni mshahara wake, na ni usalama wetu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hofu. Wengi wetu tumekimbia mbwa wa askari. Majirani zetu Waislamu wanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na ingawa dini yenyewe inasimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu, haifai mbwa wako aje kumgusa mtu aliyetawadha akielekea msikitini. Na kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo uhuru wangu na mbwa wangu unaishia pale hofu ya jirani inapoanza. Mbwa achanjwe kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka ugonjwa huu, na sehemu nyingi chanjo hutolewa bure siku hizo, uliza kwa daktari wa mifugo. Kamba iwe fupi njiani. Ukiona mtu anasita, wewe ndiye wa kuvuka barabara, si yeye. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Mnaona, hapa mbwa anatufundisha sura mbili za haki. Anayetembea anataka aachwe atembee, na anayekutana naye anataka asiogopeshwe. Haki ya kwanza bila ya pili ni ubabe. Ya pili bila ya kwanza ndiyo kambi yenye uzio.

Kiswahili chetu kinasema mambo mawili yanayopingana. Kinasema "tembea uone", na kinasema "mtembezi hula miguuye". Wazee walijua faida ya kutembea, na walijua pia kwamba mwenye kuzunguka bila kazi mwisho anabaki na miguu yake tu. Mzazi wa kambini anayemkataza kijana asizurure ana sababu: anajua mitaani kuna nini. Lakini neno letu kutembea lina maana nyingine pia. Tunamwambia jirani, "Njoo utembee kwetu." Maana yake njoo utusalimie, ukae kidogo, bila shida yoyote. Kutembea kwa namna hiyo ni kuutembelea mji wenyewe, kama mgeni mwenye heshima. Na mgeni wa namna hiyo haulizwi amefuata nini. Anapewa kiti.

Narudi kwenye lile linalonisumbua. Mlinzi alimruhusu mbwa apite kwa sababu alielewa kwamba mbwa akifungiwa anaharibika, anahitaji hewa, anahitaji kunusa dunia. Hilo kila mtu analielewa, halihitaji maelezo. Lakini kijana aliyekaa miaka kumi kwenye chumba kimoja na watu saba, huyo akitaka hewa tunamtafutia sababu. Tunamuuliza kama ana mradi. Jambo tunalolikubali haraka kwa mnyama tunalichelewesha kwa mtu. Sitaki tumpunguzie mbwa. Nataka tumfikishe kijana pale mbwa alipofika, halafu tumpandishe zaidi.

Wenzangu wa kambini, mkiwa na nusu saa jioni, tembeeni. Kandokando ya ziwa Nakivale kabla giza halijaingia na viboko hawajatoka, au popote mlipo palipo na mti na upepo. Mwenye mbwa amchukue na kamba. Asiye na mbwa achukue mdogo wake. Salimieni watu wa njiani kwa lugha yao, hata kama ni neno moja. Uso unaoonekana kila jioni unazoeleka, na anayezoeleka mlinzi hamsimamishi.

Na nyinyi wa mashirika, ambao baadhi yenu mna mbwa na mnatembea nao jioni kando ya mto, tunawaona na hatuna kinyongo. Ombi letu ni moja. Mkikutana na kijana wetu njiani akiwa mikono mitupu, msimuulize anaenda wapi, na msimtafutie mafunzo. Mwulizeni jina, mwambieni la mbwa, mpite.