Mmisionari Anayepokea

Tumezoea kumpima mmisionari kwa alichotoa: mahubiri, shule, dawa. Lakini je, upendo ni kutoa tu?

Johannes Rebmann, Mjerumani, alifika Rabai karibu na Mombasa mwaka 1846, akakaa miaka 29. Waliobatizwa walikuwa wachache. Siku zake nyingi zilipita katika kujifunza lugha. Kinyanja alifundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mhubiri akawa mwanafunzi wa mtumwa. Mwishowe alipofuka macho, na mwaka 1875 alirudi kwao akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai.

Wengine watasema huo ni udhaifu. Mimi naona ndipo ujirani ulipokamilika. Anayetoa siku zote bila kuhitaji kitu hubaki juu ya wenzake. Hushukuriwa, lakini si ndugu. Bwana Yesu mwenyewe alimwomba maji mwanamke Msamaria kabla ya kumfundisha.

Ndugu mpendwa, unawasaidia majirani zako, na ni vyema. Je, umewahi kuwaruhusu wakusaidie?